Mazoezi ya Kutoka Upesi Mahali pa Kazi



Katika masomo mengine mmefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, kulala ndani ya chandarua, na kupeleka watoto kwenye chanjo. Somo hili ni la namna nyingine, lakini nalo ni somo la afya. Ni habari ya mtu mwenye nguvu, asiye na ugonjwa wo wote, aliyetoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Jioni analetwa hospitalini kwa machela, au haletwi kabisa.

Kwa mtu aliyeungua tunayo dawa. Tuna maji ya kutia katika mshipa, tuna vitambaa safi vya kufungia vidonda, tuna dawa ya kupunguza maumivu. Lakini mtu aliyekufa kwa moshi ndani ya nyumba ya kazi hatuna la kumfanyia. Dawa yake ilipasa kutumiwa mapema, siku ambayo moto haujawaka. Dawa hiyo ni mazoezi ya kutoka.

Mtu asiseme, “Hapa kwetu Mahagi hatuna viwanda vikubwa.” Tazameni vinu vya mashine vinavyosaga mahindi na mihogo. Tazameni mashine za kukoboa kahawa, karakana za kuchomea vyuma, nyumba za maseremala zilizojaa vumbi la mbao, na stoo zenye mapipa ya esansi na mazuti. Tena vijana wetu wengi huenda Bunia, Mongbwalu na Durba kutafuta kazi. Dhahabu ilivumbuliwa Kilo mwaka 1903, na tangu wakati ule watu wa Ituri wamekuwa wakichimba chini ya ardhi. Kila mahali penye mashine, moto, mafuta au shimo, watu wajifunze njia ya kutoka.

ZOEZI LA KUTOKA NI NINI?

Ni jambo rahisi. Siku ya amani, bila hatari yo yote, kengele inalia. Kila mtu anaacha kazi yake mara moja. Anatoka kwa njia aliyoonyeshwa, bila kusukumana. Anakwenda mahali pa kukutania, mbali na nyumba. Hapo kapita anawahesabu watu kwa majina. Wote wakionekana, wanarudi kazini. Mahali padogo jambo hili linakwisha kwa dakika chache tu.

Wengine hucheka wakiona watu wazima wanatoka nje kwa kengele kama watoto wa shule. Lakini waimbaji wa kwaya hawaanzi kujifunza wimbo Jumapili asubuhi. Wala mkunga hajifunzi kukata kitovu saa ambayo mama yuko katika uchungu. Kazi ya saa ya hatari hufundishwa katika saa ya utulivu.

KWA NINI MWILI UFUNDISHWE?

Mtu akishikwa na hofu kubwa, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, na akili haiwezi kutafuta shauri jipya. Mtu hufanya lile alilozoea. Kwa hiyo watu walio katika hatari hufanya makosa yanayofanana katika nchi zote.

Kosa la kwanza, hungoja. Wanasikia kelele au wananusa moshi, kisha wanatazamana. Kila mtu anataka kuona mwenzake atafanya nini. Hivyo dakika za kwanza, ambazo ni bora kuliko zote, hupotea.

Kosa la pili, hukusanya vitu. Mmoja anatafuta koti lake, mwingine simu, mwingine fedha alizoacha kwenye meza.

Kosa la tatu, wote hukimbilia mlango ule walioingilia asubuhi, hata kama mlango mwingine uko karibu. Mlango mmoja ukipokea watu mia kwa mara moja, wanaanguka, wanakanyagana, na mlango unazibwa kwa miili.

Aliyefanya zoezi mara nyingi hana haja ya kufikiri sana. Miguu yake inajua njia.

MOSHI NI ADUI WA KWANZA

Watu wengi huogopa miali ya moto, lakini moshi huwahi kufika. Katika moto wa ndani ya nyumba, wengi hufa kwa moshi kabla moto haujawagusa.

Ndani ya moshi mna hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Damu yetu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Lakini sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Basi damu inajaa sumu, na ubongo unakosa hewa. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, miguu inalegea, anaanguka. Mara nyingi hajui kwamba anakufa, bali anafikiri amechoka tu.

Kwa sababu hii hatufundishi watu kukaa ndani na kupigana na moto mkubwa. Moto mdogo kama wa sufuria, aliyefundishwa aweza kuuzima kwa mchanga au kwa kizimamoto. Ukishindwa mara moja, toka. Moshi ukijaa, inama au tambaa, kwa kuwa hewa iliyo karibu na sakafu huwa safi zaidi. Mlango uliofungwa, uguse kwanza kwa upande wa nyuma wa mkono. Ukiwa wa moto sana, usiufungue, tafuta njia nyingine.

TUSIKIE MAMBO YALIYOTOKEA

Kwanza tutazame mbali, katika mji wa New York, nchi ya Marekani. Machi 25, 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha kushona nguo kilichoitwa Triangle. Kiwanda kilikuwa katika gorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Moto ulianza gorofa ya nane. Mtu mmoja akapiga simu kuwaonya walio gorofa ya kumi, na karibu wote wakaokoka. Lakini gorofa ya tisa haikupata onyo, na watu wa huko walijua habari moto ulipowafikia. Mlango mmoja wa gorofa hiyo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya chuma ya nje ikavunjika kwa uzito wa watu. Wakafa 146, wengi wao wasichana. Kiwanda kile hakikuwahi kufanya zoezi la kutoka. Nyumba yenyewe haikuanguka, nayo ingali imesimama hata leo. Baada ya msiba huo jimbo la New York liliweka sheria za kuwataka wenye viwanda wafanye mazoezi ya moto.

Sasa sikieni habari nyingine ya mji uleule. Mwaka 1993 bomu lililipuka chini ya majumba mawili marefu sana yaliyoitwa World Trade Center. Watu walishuka ngazi gizani kwa saa nyingi, bila utaratibu. Mtu mmoja, Rick Rescorla, alikuwa mkuu wa ulinzi wa kompani ya Morgan Stanley. Akaona kwamba hatari itarudi. Akawa anawafanyisha wafanyakazi wote mazoezi ya kushuka ngazi, wawili wawili, hata wakubwa wenye shughuli nyingi. Wengine walinung’unika kwamba anawapotezea saa za kazi.

Septemba 11, 2001, ndege iligonga jumba la kwanza. Katika jumba la pili tangazo likawaambia watu wabaki ofisini mwao. Rescorla hakukubali. Alichukua kipaza sauti akawaamuru watu wake washuke kama walivyozoea, akawaimbia nyimbo ngazini ili wasiogope. Baada ya dakika 17 ndege nyingine ikagonga jumba lao. Kompani hiyo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,700 katika jumba lile, na karibu wote waliokoka. Rescorla mwenyewe alirudi juu kuwatafuta waliosalia, naye akafa jumba lilipoanguka.

Turudi katika nchi yetu ya Kongo. Jioni ya Julai 2, 2010, gari kubwa la esansi lilipinduka katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Esansi ikamwagika. Watu wengine wakaja na vyombo kuikusanya. Wengine walikuwa katika nyumba za karibu wakitazama mchezo wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mjue kwamba esansi hutoa mvuke ulio mzito kuliko hewa. Mvuke huo hutambaa chini hadi ukutane na jiko, sigara au cheche ya mashine, ndipo moto hurudi kwa kasi mpaka penye esansi yote. Gari lenyewe lilipopinduka lilikuwa ndiyo kengele. Anayefanya kazi penye esansi ajue hivi: ikimwagika, zima mashine na majiko, ondoa watu, usirudi na bidoni.

JINSI YA KUFANYA ZOEZI

Haya yafuatayo yaweza kufanywa hata katika kinu chenye watu sita.

1. Chagueni alama moja. Iwe kengele, filimbi, au chuma cha gari kinachopigwa kwa nyundo. Alama hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine, kama kuita watu kula. Isikike kila chumba, hata mashine zikinguruma. Kumbukeni gorofa ya tisa.

2. Tafuteni njia mbili za kutoka. Njia moja ikizibwa na moto, ya pili iwepo. Magunia, mbao na pikipiki zisiwekwe njiani. Ni vizuri mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu watu wakisongamana hawawezi kuuvuta kwa ndani. Watu wakiwa kazini, mlango usifungwe kwa ufunguo.

3. Wekeni mahali pa kukutania. Pawe mbali na nyumba, mahali upepo usipopeleka moshi, tena pasizuie gari linalokuja kusaidia.

4. Andikeni majina. Kapita awe na daftari la walio kazini leo, pamoja na wageni. Daftari likae karibu na mlango. Hesabu hii ni ya maana sana. Pasipo hesabu, mtu aweza kurudi motoni kumtafuta mwenzake ambaye kumbe amekwisha kutoka kwa mlango mwingine.

5. Mpeni kila mtu kazi yake. Mmoja azime mashine na kufunga mafuta, kama aweza kufanya hivyo bila kuchelewa. Mmoja atazame choo na stoo, asisahauliwe mtu. Mmoja amshike mkono mwenzake aliye kiwete, asiyeona, au mama mjamzito. Mmoja aende kuita msaada. Kiziwi hasikii kengele, basi jirani yake amguse begani.

6. Pimeni kwa saa. Andikeni tarehe, na dakika zilizopita tangu kengele hata mtu wa mwisho kuhesabiwa. Zoezi lijalo, jitahidini kuzipunguza bila kukimbizana.

7. Zungumzeni baadaye. Ulizeni, nani hakusikia? Nani alirudi kuchukua koti? Rekebisheni neno hilo siku ileile.

Mara ya kwanza waambieni watu mapema. Baadaye fanyeni bila kuwaambia saa. Siku nyingine mtu asimame katika mlango wanaouzoea akishika kitambaa chekundu, aseme, “Hapa pana moto.” Hapo mtaona kama wanaijua njia ya pili. Wafanyakazi wa zamu ya usiku nao wafanye zoezi lao gizani.

Zoezi lifanywe mara ngapi? Katika Kenya sheria ya mwaka 2007 inataka lifanywe angalau mara moja kila mwaka. Kila miezi mitatu ni bora, na kila mara wanapoingia wafanyakazi wapya, kwa maana mtu husahau.

NENO KWA WACHIMBAJI

Septemba 11, 2020, mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya dhahabu huko Kamituga, Kivu ya Kusini. Wachimbaji wapatao 50 walikufa. Walio ndani ya shimo hawaoni wingu likikusanyika. Kwa hiyo mtu mmoja akae juu sikuzote, asiwe na kazi nyingine ila kutazama mvua, nyufa na watu. Awe na alama ya kuwaita walio chini, kwa mfano kamba yenye kengele, tena wajifunze kupanda kwa alama hiyo kabla ya mvua. Juu kuwe na orodha ya walioshuka. Watu wengine wamefukiwa, na jamaa zao hawakujua hata idadi yao.

Msiingize mashine ya esansi ndani ya shimo, iwe ya kuvuta maji au ya umeme. Moshi wake una ile sumu isiyo na harufu. Tena mkiona mwenzenu ameanguka shimoni bila kupigwa na kitu, msishuke mmoja baada ya mwingine kumwokoa, kwa kuwa hewa iliyomwangusha yeye itawaangusha ninyi pia. Katika msiba wa namna hii mara nyingi mtu wa pili na wa tatu hufa kwa ajili ya upendo. Zimeni mashine, iteni watu wenye vifaa vya kupumulia, na kama alifungwa kamba, mvuteni kutoka juu.

Mataifa mengi yamekubali maneno haya. Mwaka 1995 Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mkataba namba 176 juu ya usalama wa migodi. Mkataba huo unasema kwamba, inapowezekana, kila mahali pa kazi chini ya ardhi pawe na njia mbili za kutokea, na kila mgodi uwe na mpango wa saa ya hatari. Unasema pia kwamba mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali anapoona, kwa sababu ya kweli, kwamba pana hatari kubwa. Na sheria ya kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 16, 2002, inawataka wenye kazi waweke halmashauri ya usalama na usafi mahali pa kazi. Kama mna halmashauri hiyo, iombeni ipange siku ya zoezi. Kama hamna, mwambieni patroni kwa heshima, mkimpa shauri lililo tayari.

MANENO YANAYOPINGA

“Zoezi linapoteza wakati wa kazi.” Hesabuni wenyewe. Dakika 15 kila miezi mitatu ni saa moja kwa mwaka. Kinu kilichoungua hakisagi kwa miezi mingi, na baba aliyekufa harudi kazini.

“Tukiacha milango wazi, wezi wataiba.” Patroni ana haki ya kulinda mali yake. Basi aweke mlinzi mlangoni, au komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kufungia watu ndani si ulinzi.

“Siku ya mtu ikifika, imefika.” Neno hili husemwa hata kanisani. Lakini anayelisema hufunga mlango wake usiku, humpeleka mtoto wake kwa mganga, na hutazama pande mbili kabla ya kuvuka barabara. Torati ilimwamuru aliyejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya mwenye nyumba. Kulinda uhai wa mwenzako si kukosa imani.

AKITOKA AMEUNGUA

Mtoeni kwenye hewa safi. Akiwaka nguo, mwangusheni chini na kumviringisha, au mfunikeni kwa blanketi. Mimineni maji safi ya baridi ya kawaida juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Vueni pete na saa kabla mwili haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi msiivute. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi. Msipake mawese, matope, mayai wala dawa ya meno, maana vitu hivyo huleta uchafu katika kidonda. Aliyevuta moshi apelekwe hospitalini hata kama anasema amepona, kwa sababu koo na mapafu huweza kuvimba saa nyingi baadaye.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

Jibuni maswali haya nyumbani au katika mkutano wa wababa na wamama. Kesho mfanyakazi aende nayo kazini.

1. Mahali pako pa kazi pana milango mingapi ya kutokea? Je, wa pili unafunguka leo?
2. Kengele ya hatari ikipigwa, itasikika kwa aliye mbali kuliko wote?
3. Mtakutana wapi, na nani atahesabu majina?
4. Nani kati yenu atahitaji mkono wa kumsaidia, na mkono huo ni wa nani?
5. Zoezi lenu la kwanza litafanywa tarehe gani?

Swali la tano lisiachwe wazi. Andikeni tarehe hiyo ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo kila mtu ataiona anapoingia kazini.